Siku Redio Ilipoomba Radhi Msibani

Ninyi mnaoingia redioni siku hizi nawaita wajukuu, na msidhani ni kwa sababu nawapenda sana. Huku kwetu bibi na mjukuu ni watani, na mtani ana ruhusa ya kusema. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba wengi wenu mnatangaza kama watu wanaosoma maelekezo ya sumu ya panya, msinipeleke kwa afisa utumishi. Nijibuni kwa utani, au nyamazeni mnywe chai.

Nilifanya kazi katika redio ya chuo kikuu hapa Mtwara mpaka waliponistaafisha na kunipa kitenge na saa ya ukutani. Saa hiyo ilisimama siku ya pili, nadhani nayo ilistaafu. Nilianza kama fundi mitambo, nikawa mtayarishaji wa vipindi, na mwishowe nikawa kila kitu, pamoja na kufagia. Kibao cha mlangoni kilisema redio yetu ipo ili kuhifadhi na kuendeleza muziki na utamaduni wa kusini. Utamaduni wenyewe waliupa chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Kuta tulizibandika trei za mayai ili kuua mwangwi, na kwa muda mrefu kila mfanyakazi aliyetaka kusifiwa kwenye kikao alikula chipsi mayai kwa bidii. Wauza chipsi wa Chikongola walikuwa wakituwekea trei kabla hatujaomba. Sauti ilitulia vizuri, na mende nao wakapata makazi.

Aliyenifundisha kusikiliza alikuwa Mzee Selemani Likwata, mpiga ngoma wa Kilambo, kule kwenye kivuko cha Mto Ruvuma. Msijiandae kwa mzee mpole mwenye hekima, kwa sababu hakuwa hivyo. Alikuwa na majivuno, alipenda ugomvi, na alikuwa bahili wa kutisha, hasa wa betri za redio. Betri zikichoka alizianika juani. Zikichoka tena aliziuma kwa meno. Zikikataa kabisa alizilaza chini ya mto na kusema zinapumzika, na mkewe Bi Somoe alilalia betri hizo miaka nenda miaka rudi. Redio yake aliifungua kwa kipindi kimoja tu, Ngoma za Kwetu, kilichokuwa changu, kila Jumamosi asubuhi. Nusu ya ngoma zilizopigwa humo zilikuwa zake, na alijisikiliza huku akijisifu kwa sauti. Kipindi kikiisha tu, alizima.

Kilichofuata baada ya kipindi changu kilikuwa Maarifa kwa Maendeleo, cha mkurugenzi wetu, Dokta Tito.

Dokta Tito alikuwa mtu wa Bukoba. Alikulia katika shule za bweni, akasomea ng'ambo, akaletwa kwetu akiwa na suti mbili na imani moja. Imani yenyewe ilikuwa kwamba kila jambo duniani lina mwongozo, na kama halina, basi ni kwa sababu kamati haijakaa. Hakuwa mtu mbaya, na nasema hivyo sasa nikiwa nimeshapoa. Kipindi chake kilikuwa saa nzima ya sauti yake, bila muziki, kwa sababu muziki, alisema, unapunguza uzito wa hoja. Alikifungua kwa maneno yaleyale kila wiki: "Msikilizaji mpendwa, karibu tena tutafakari."

Siku moja Mzee Likwata alikutana naye mlangoni mwa studio akamwambia uso kwa uso kwamba yeye akisikia "tutafakari" huzima redio, kwa kuwa betri ni ghali na kutafakari anaweza mwenyewe bila kulipia. Dokta alicheka kwa adabu. Baadaye akaniita ofisini kuniuliza kama yule mzee alikuwa akitania au akitoa maoni. Nilimwambia alikuwa akifanya yote mawili. Hilo lilimsumbua siku nzima, maana hakujua aliweke kwenye faili gani.

Sasa sikilizeni jambo la kazi kabla sijasahau. Pwani yetu ina unyevu, na ngozi ya ngoma hulegea. Mpiga ngoma lazima aipashe moto kwanza, moto wa makuti au nyasi kavu, mpaka ikaze na kutoa sauti. Ikishakaza, ana muda mfupi kabla haijalegea tena. Kwa hiyo ukienda kurekodi, mitambo yako iwe tayari kabla kiberiti hakijawashwa. Ukimwambia mpiga ngoma mwenye ngoma ya moto mkononi asubiri ujaribu sauti, atakutukana, na matusi hayo ndiyo yatakayorekodiwa vizuri kuliko kitu kingine siku hiyo.

Hilo tulilijua kwa gharama. Mara ya kwanza tulipomwita Mzee Likwata na wenzake chuoni, waliwasha makuti nyuma ya maktaba. Mlinzi alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya zimamoto juma lililopita na hakuwa amepata nafasi ya kuonyesha ujuzi wake. Alikuja mbio na mtungi mwekundu, akapulizia moto, ngoma na wapiga ngoma, wote wakatoka weupe kama keki ya harusi. Kesho yake likabandikwa tangazo kwamba hairuhusiwi kuwasha moto wa kitamaduni ndani ya eneo la chuo. Tangu hapo tukawa tunarekodi vijijini, Kilambo, Mahurunga na Kitaya, na nawaambia ukweli, tangazo lile ndilo lililotufanya tuwe redio.

Huko ndiko Mzee Likwata alikonichapa somo. Nilikuwa nimeisogeza maikrofoni mbele ya ngoma kubwa, akaja akaing'oa na kuipeleka kwa akina mama wanaoitikia. Alisema ngoma haina haya, itakuja yenyewe popote ulipo, ila sauti ya mwanamke anayeitikia inabidi uifuate. Rudini kwenye kanda zetu za zamani mtasikia tofauti. Za mwanzo zinagonga kama mtu anayetwanga kisamvu ndani ya sikio lako. Za baadaye zina watu.

Akanifundisha na ukimya. Sisi wa redioni tunaogopa ukimya kuliko nyoka, studio ikinyamaza kidogo tu mtu anarukia kitufe cha muziki. Mzee Likwata alikuwa akinyamaza katikati ya ngoma, mikono juu, mpaka unadhani amesahau, kisha anashuka nayo na uwanja mzima unaruka. Ninyi siku hizi mna programu ya kompyuta inayokata ukimya yenyewe. Nilipoiona kwa mara ya kwanza nilitamani yule mlinzi aje na mtungi wake.

Basi Mzee Likwata akafariki. Aliugua muda mfupi, na mpaka siku za mwisho alikuwa akimuuliza Bi Somoe kama kuna mtu amegusa redio. Nililia ofisini mlango ukiwa umefungwa, kisha nikapakia mitambo kwenye pikapu ya chuo. Dokta mwenyewe aliidhinisha tutangaze mazishi moja kwa moja kutoka Kilambo, na hilo lilikuwa jema kwake, nalisema. Yeye alibaki Mtwara, studioni, akitusikiliza.

Hapa lazima nieleze, kwa faida ya wale mliozaliwa kwenye maghorofa. Kwetu mtu hazikwi na ndugu tu, anazikwa na watani. Mtani wa Mzee Likwata alikuwa binamu yake, mtoto wa mjomba wake, Mzee Ausi wa Mahurunga. Walikuwa wametukanana kwa mapenzi tangu utotoni. Kazi ya mtani msibani ni kuvaa nguo za marehemu, kutembea kama yeye, kusema kama yeye, kufichua ubahili wake na vituko vyake, na kuwasumbua wafiwa mpaka wacheke. Wakishacheka, ndipo kilio hutoka kama inavyotakiwa. Baadhi ya masheikh hawapendezwi na jambo hilo, na Mzee Ausi alijua mipaka. Wakati wa sala na dua alikuwa kimya kuliko imamu. Dua ikiisha, uwanja ni wake.

Siku ile alitoka ndani amevaa kanzu ya marehemu na kofia ya marehemu, ameshika redio ya marehemu. Alichechemea kama yeye, mguu wa kushoto, watu wakaanza kuguna. Nikamsogezea maikrofoni. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Mzee Likwata mtupu, na mimi niliyemrekodi miaka yote nilisisimka mwili.

"Waongo hao," ilisema sauti ile. "Sijafa. Nimejificha, naogopa kununua betri mpya. Somoe! Zima redio hiyo, Dokta anakuja kutafakari!"

Uwanja ulilipuka. Wazee walishika mbavu, hata waliobeba jeneza walitetemeka mabega. Nikasikia kutoka ndani ya nyumba, chumbani kwa wanawake, mtu anaanza kucheka, cheko la chini lililobanwa, nikajua ni Bi Somoe, nikajua sasa atalia na atapona. Nikawa nangoja.

Halafu tukakatwa. Kwenye spika zangu za masikioni uliingia muziki wa huzuni, ule wa ala tupu ambao studio huuweka kiongozi akifa. Na kwa kuwa wanakijiji wetu wana tabia ya kufungua redio ili wajisikilize wenyewe, muziki ule ulitoka kwenye kila baraza na kila simu uwanjani pale. Ukafuatiwa na sauti ya Dokta, nzito, yenye kusikitika. "Uongozi wa chuo unaiomba radhi familia ya marehemu na wasikilizaji wote kwa lugha isiyo na staha iliyotolewa na mtu asiyehusika na msiba huu."

Mzee Ausi alibaki amesimama na redio mkononi, na redio hiyo ndiyo iliyokuwa ikisema maneno hayo. Aliizima. Akavua kofia, akavua kanzu, akaikunja vizuri kama mtu anayepanga nguo za safari, akaniwekea mikononi pamoja na redio.

"Kumbe mimi ntu nisiyehusika," alisema kwa lafudhi yetu ya Kimakonde, polepole. "Basi zikeni wenyewe."

Akaondoka na njia ya Mahurunga, na watani wengine wakamfuata. Tulimzika Mzee Likwata kimya, kwa adabu, kama tunavyozika mtu aliyeokotwa njiani asiyejulikana kwao. Kutoka chumbani kwa wanawake hakikusikika kicheko tena, wala kilio.

Nilimchukia Dokta siku ile, siwafichi. Mpaka leo sijui kama alikata matangazo kwa ajili ya staha ya marehemu au kwa ajili ya staha yake, maana utani ule ulimpitia na yeye. Nadhani hata mwenyewe hakujua. Niliporudi nilimweleza utani ni nini, nikamweleza tena kwa mifano, na alisikiliza vizuri sana. Kisha, ili kuonyesha kwamba chuo kimeguswa, akaagiza ile radhi irudiwe baada ya kila taarifa ya habari. Radhi ya redioni ni maji, ikimwagika haizoleki. Tuliimwaga asubuhi, mchana na jioni, pamoja na muziki wake.

Nilikwenda kumwona Bi Somoe, nikamrudishia kanzu na redio ya marehemu. Alikuwa kwenye eda, amekaa chumbani kwenye mkeka na shuka jeupe, macho makavu. Nilimpa pole akaipokea. Nilimuuliza hali akasema hajambo. Mwanamke aliyekuwa akicheka na kufoka siku nzima, sasa alijibu maswali kama karani wa kaunta. Nilipoinuka kuondoka alinishika kitenge.

"Mmemzika nnume wangu kama ngeni," alisema. "Ngeni ndiyo hataniwi. Sasa mimi nitalia vipi, mwanangu? Nimekaa hapa nangoja, hakuji kitu."

Hayo ndiyo yaliyonikosesha raha, na ndiyo niliyoyabeba wiki zote zilizofuata. Arobaini ilikuwa inakaribia. Arobaini ndiyo inayofunga msiba, na Mzee Ausi alikuwa ametuma neno kwamba hatakanyaga. Mtani asipokuja, msiba ungebaki wazi, na Bi Somoe angebaki pale na kilio chake kimemkwama kifuani kama mwiba wa samaki.

Chuoni, wakati huo, kamati ilikuwa inafanya kazi. Waliketi kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, wakanywa maji ya chupa, wakatoa Mwongozo wa Utani katika Matangazo ya Moja kwa Moja. Niliusoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Mtani anayetaka kutania hewani alete barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha kwamba ni mtani. Awasilishe utani wake kwa maandishi siku tatu kabla ya mazishi. Utani usimguse marehemu, wafiwa, dini, siasa wala mfanyakazi yeyote wa chuo. Niliuliza kikaoni mtu aliyekufa leo na anayezikwa leo alasiri tumwombe avumilie siku tatu au vipi. Waliandika kwamba hoja imepokelewa.

Vijiji havikuandika kitu, vilinyamaza tu. Nilikwenda Kitaya na mitambo, nikakuta wapiga ngoma wote wana homa. Nikaenda Mahurunga, nikaambiwa ngoma zimeliwa na mchwa, na mwenye kuniambia alikuwa ameikalia moja. Ngoma za Kwetu nikakiendesha kwa kanda za zamani, mpaka wasikilizaji wakaanza kupiga simu kuuliza kama redio nayo imefiwa.

Kilichomwamsha Dokta hakikuwa mimi wala Bi Somoe. Kilikuwa mahafali. Makamu Mkuu wa Chuo alitaka maprofesa waingie uwanjani na majoho yao wakisindikizwa na ngoma ya sindimba, kama kila mwaka, kwa ajili ya wageni na picha. Dokta akatuma watu kutafuta kikundi, na katika wilaya nzima hapakupatikana mtu mzima mwenye mikono miwili. Chuo cha utamaduni wa kusini kingeandamana kwa muziki wa simu. Ndipo aliponiita akafunga mlango na kuniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia redioni, tufanyeje.

Nikamwambia tutakwenda kwa Mzee Ausi, na kwamba atabeba kuku mwenyewe, hatabebewa na dereva.

Tulimkuta Mzee Ausi nyuma ya nyumba anachambua korosho, ananusa mifuko, anatupa mbovu upande. Dokta alisimama juani na suti, kuku anampigapiga mabawa kwenye koti. Mzee Ausi hakuinua kichwa. Alimwacha aseme yote, na Dokta alisema mengi, kuhusu dhamira njema, changamoto ya mawasiliano na haja ya kusonga mbele. Maneno yakaisha. Kuku akaendelea.

"Dokta, wewe ulisema mimi sihusiki," Mzee Ausi alisema mwishowe. "Sawa. Mimi sihusiki. Basi siku ya arobaini uhusike wewe. Simama hapo kwenye redio yako, unntanie Selemani mbele ya watu. Ukiweza, ngoma utapata. Ukishindwa, rudi kwenu na kuku wako."

Dokta alinitazama. Nikatazama korosho. Alikubali, na njia nzima ya kurudi Mtwara hakutafakari kwa sauti hata mara moja.

Siku ya arobaini Kilambo ilijaa. Hitima ikasomwa, ubwabwa ukaliwa, dua ikafungwa, masheikh wakakumbuka kwamba wana shughuli kwingine. Mitambo nilimwachia mwenzangu Rashidi, fundi mzoefu, nikamwonya kwamba ikitokea ukimya asiguse kitu. Mimi nikaingia chumbani kwa wanawake, kwa Bi Somoe. Redio ya marehemu ilikuwa mbele yake kwenye mkeka. Nilikuwa nimeleta betri mpya, na aliponiona nazitia alishtuka, akasema marehemu angekasirika, zile za chini ya mto bado zina nguvu kidogo.

Nje tukasikia watu wanatulizana. Kwenye redio, Rashidi akamtangaza Dokta Tito. Tukasikia karatasi zinakunjuliwa.

"Kwa mujibu wa mwongozo uliopitishwa," alianza Dokta, halafu tukasikia purukushani na sauti ya Mzee Ausi ikisema karatasi hii ameitwaa, itamfaa kufungia karanga. Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Baada ya hapo redio haikutoa kitu.

Nawaambia, katika kazi yangu yote sijawahi kusikia ukimya mrefu namna ile hewani. Kidole changu kilitafuta kitufe kwenye mkeka. Rashidi, Mungu ambariki, hakugusa. Bi Somoe aliinua uso akaitazama redio, kama anavyotazamwa mpiga ngoma aliyeweka mikono juu.

"Mzee Likwata," ilisema sauti ya Dokta, na haikuwa sauti ya kipindini, "alikuwa akizima redio kila nilipofungua mdomo. Miaka yote hakunisikiliza mpaka mwisho hata siku moja. Aliniambia mwenyewe, mlangoni kwangu." Akameza mate, tulisikia. "Leo yuko pale makaburini. Mikono haifiki kwenye redio. Hawezi kunizima. Kwa hiyo, msikilizaji mpendwa, karibu tena tutafakari."

Kisha, nje na redioni kwa pamoja, ikapaa sauti ya marehemu, sauti kamili ya Selemani Likwata, ikitoka kooni kwa Mzee Ausi. "Somoe! Zima! Zima hiyo, nakufa mara ya pili!"

Kilambo nzima ilianguka. Nilisikia masufuria ya ubwabwa yakigongana, nilisikia watu wakimpiga Dokta mgongoni, na mtu akisema kumbe Mhaya huyu ni mtani wetu na alikuwa akitufichia. Chumbani, Bi Somoe alicheka mpaka shuka likamtoka kichwani. Alicheka akijipiga mapaja, akajaribu kusema kitu kuhusu betri, akashindwa, na hapohapo kicheko kikageuka. Alilia kwa sauti, kilio chote kilichokuwa kimezuiliwa tangu mazishi, na wanawake wakamshika na kulia naye. Nami nikalia, bila kufunga mlango safari hii.

Sindimba ilipigwa mahafalini. Ngoma zilipashwa moto nyuma ya maktaba, chini ya tangazo lililorekebishwa kusema kwamba moto wa kitamaduni unaruhusiwa kwa uangalizi, na mlinzi alisimama kando na mtungi wake akiuangalia kwa uchu. Mwongozo wa Utani haujafutwa, kwa sababu chuoni hakuna anayejua jinsi ya kufuta mwongozo. Uko kwenye rafu. Mkiukuta, msiutupe, usomeni siku mkiwa na huzuni.

Na nikifa mimi, wajukuu, watani wangu waacheni waseme. Wana mengi, nawajua. Atakayeniombea radhi hewani nitamrudia.

Maarifa kwa Maendeleo bado kipo, bado hakina muziki. Jumamosi nikienda Kilambo kumsalimu Bi Somoe, eda ilishakwisha zamani, humkuta jikoni au shambani kwake kwenye mihogo, na redio iko barazani peke yake, imefunguliwa mpaka mwisho, Dokta anatafakari na hakuna mtu anayemsikiliza. Betri huletewa na Dokta mwenyewe. Siku moja nilinyoosha mkono niizime, nikidhani amesahau.

"Iache," alisema Bi Somoe kutoka jikoni. "Si yangu hiyo. Hiyo namfungulia nnume wangu. Asikilize mpaka mwisho."